Majina ya Mwezini yanatoka wapi: jinsi ya kuyasoma, na jinsi ya kupeleka jina lako likasikilizwa

Ilikuwa jioni ya mwezi tano, yani siku ya tano tangu mwandamo, magharibi imeshapita, mpwa wangu yuko juu ya paa la nyumba yetu Tanga na darubini ndogo ya kuazima, jicho kalibandika kwenye lenzi hataki hata kupisha mtu, mara akaniita "mjomba, njoo uone, kuna shimo kubwa huku pembeni lina vilima katikati, hili linaitwaje?" Nikamwambia hilo ni Langrenus. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike hii yote. "Nani kasema liitwe hivo?"

Ni swali zuri sana, maana watu wengi ninaoongea nao wanaamini majina ya Mwezini yaliletwa na Wamarekani walipotua 1969, au kwamba kila nchi inajipangia ya kwake. Hapana. Kuna utaratibu, una fomu, una kamati na watu wanaopiga kura, na ukishaujua unaweza kuangalia Mwezi ukausoma kama unavyosoma majina ya mitaa ya mji, hii ya nani, ile ya lini, na ukiwa na sababu ya maana unaweza hata kupeleka jina wewe mwenyewe. Naenda nalo taratibu, kuna sehemu nitakaa maana nazipenda na kuna sehemu nitapita haraka.

Kwanza jifunze kusoma jina lenyewe

Majina mengi ya kule yana vipande viwili, kimoja ni Kilatini kinachokwambia hiki ni kitu gani, na kingine ndo jina lenyewe. Mare ni bahari, na usitegemee maji, ni tambarare kubwa za lava iliyoganda zamani sana, ndo yale mabaka meusi unayoyaona kwa macho matupu. Oceanus ni bahari kuu na ipo moja tu, Oceanus Procellarum, Bahari ya Dhoruba. Lacus ni ziwa, sinus ni ghuba, palus ni kinamasi, mons ni mlima na montes ni safu ya milima, vallis ni bonde, rima ni ufa mrefu, rupes ni ukuta wa jabali, dorsum ni tuta refu lililojinyanyua juu ya tambarare kama mgongo, catena ni mashimo yaliyojipanga kama mnyororo, na statio ni mahali chombo kilipotua. Kreta, yani yale mashimo ya duara, ndo haina neno mbele, wanaandika jina tu, Copernicus, Tycho, Langrenus.

Kwa hiyo ukikuta Rupes Recta kwenye ramani unajua huo ni ukuta, recta maana yake ulionyooka, na ukiuangalia kwa darubini siku inayofaa kweli ni mstari umenyooka kama umepigwa rula.

Kitu cha pili ni kwamba kila aina ya kitu ina ukoo wake wa majina. Bahari, maziwa na ghuba zinapewa majina ya hali ya hewa na hali za moyo, ndo maana una bahari ya mvua, ya mawingu, ya utulivu. Milima inachukua majina ya milima ya duniani au ya kreta iliyo jirani. Matuta mengi yana majina ya wanajiolojia. Kreta kubwa ni za wanasayansi, wasomi na wapelelezi wa ncha za dunia, yani wasafiri waliokwenda kuzichunguza, ambao wameshafariki. Ukilijua hilo tu, hata jina ambalo hujawahi kulisikia unaweza kukisia lilikotoka.

Halafu chukua bahari moja uisome yote

Mi nashauri mtu asianze na Mwezi mzima atachanganyikiwa, aanze na Mare Fecunditatis, Bahari ya Rutuba, upande wa mashariki wa uso wa Mwezi. Naichagua hiyo kwa sababu moja kubwa, ndo bahari yenye watu wetu, au niseme watu waliokanyaga kwetu.

Pembeni yake magharibi kuna kreta ndogo ya kama kilometa 12 inaitwa Leakey. Ndio, Leakey yule yule, Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete Kenya mwaka 1903, aliyechimba miaka na miaka pale Oldupai Tanzania kutafuta mifupa ya binadamu wa kale. Alifariki Oktoba 1972 na jina lake likaingia kwenye ramani ya Mwezi 1973. Na hapa naomba ukae kidogo na namba, maana kila kitu Mwezini kina anwani ya digrii kama duniani, kaskazini na kusini unahesabu kutoka ikweta ya Mwezi, mashariki na magharibi unahesabu kutoka katikati ya uso ule unaotuangalia. Leakey iko kwenye kama digrii 3 kusini na 37 mashariki. Fungua ramani ya dunia ufuate digrii 3 kusini na 37 mashariki uone unafika wapi. Unafika Kilimanjaro. Siku nilipogundua hilo nililala nimechelewa sana.

Ukienda katikati ya bahari hiyo hiyo utakuta kreta nyingine ndogo, Ibn Battuta. Mmoroko aliyetembea dunia karne ya 14, akapita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa mwaka 1331 akaandika jinsi mji ulivyokuwa mzuri. Kitabu chake watoto wanakutana nacho kwenye historia shuleni na hakuna mwalimu aliyewaambia jina lake liko juu wanaliangalia kila mwezi. Kusini mashariki kidogo kuna Al-Marrakushi, Mmoroko mwingine, huyu alikuwa mnajimu. Na karibu na Langrenus kuna Bilharz, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliyegundua akiwa Cairo mwaka 1851 mnyoo unaosababisha kichocho, ndo maana vitabu vya kizungu kichocho wanakiita bilharzia. Kwa hiyo mtoto wa kando ya Ziwa Viktoria aliyekatazwa kuoga ziwani anaweza kuonyeshwa kreta ya mtu aliyemjua yule mnyoo kwanza, na ina upana wa kilometa zaidi ya 40 kabisa.

Kati ya matuta yaliyomo humo kuna Dorsa Geikie na Dorsa Mawson, dorsa ni wingi wa dorsum, wote wawili ni wanajiolojia, ukoo ule niliokutajia. Na Langrenus lenyewe, lile shimo la mpwa wangu, ni kilometa 132 kutoka ukingo hadi ukingo, kama umetoka Dar ukaenda hadi Chalinze ukaendelea bado hujamaliza.

Zile herufi ni za nini

Ukiifungua ramani yenye maelezo mengi utakuta vitu kama Langrenus E, Goclenius B, Censorinus D, na watu wengi hapa ndo wanakata tamaa. Ni rahisi. Kreta ndogo zisizo na jina lake zinaandikwa kwa jina la kreta kubwa ya jirani pamoja na herufi, mtindo ulioshika sana baada ya ramani ya Wajerumani wawili, Beer na Mädler, miaka ya 1830. Na kwenye ramani herufi inawekwa upande wa kreta ndogo unaoielekea kreta mama, kwa hiyo ukiona herufi C imebanwa upande wa kushoto wa shimo, mama yake yuko kushoto. Nilitumia ramani miaka miwili bila kujua hilo, nilidhani wameandika popote penye nafasi.

Sasa herufi hizo ndo mlango ambao majina mapya mengi yanapitia. Leakey zamani ilikuwa Censorinus F. Ibn Battuta ilikuwa Goclenius A. Bilharz ilikuwa Langrenus F. Yani shimo lilikuwepo, lina namba ya mlango tu, halafu likapata mwenyewe.

Nani alianza haya mambo

Turudi kwa swali la mpwa wangu. Langrenus alijiita mwenyewe. Michael van Langren, mchora ramani wa upande wa Ubelgiji ya sasa, mwaka 1645 alichora ramani ya Mwezi akaijaza majina ya wafalme na wakubwa wa Kikatoliki, na shimo moja akaliandika jina lake. Majina ya wale wafalme karibu yote yalifutika, la kwake lipo hadi leo. Miaka miwili baadaye Hevelius wa Danzig akaleta ramani yake yenye majina ya milima na bahari za duniani, huko ndo zilikotoka Montes Apenninus na Alpes.

Ila aliyeweka msingi tunaoutumia ni Giovanni Battista Riccioli, padri Mjesuiti wa Bologna, pamoja na mwenzake Grimaldi aliyechora, mwaka 1651. Yeye ndo aliyezipa bahari majina ya hali ya hewa na kreta majina ya wanajimu na wanafalsafa. Na kitu ninachompendea Riccioli, kwenye kitabu kile kile kilichobeba ramani hiyo alikataa wazo la Copernicus kwamba dunia inalizunguka jua, lakini akampa Copernicus moja ya kreta nzuri kuliko zote, ile inayong'aa upande wa mashariki wa Oceanus Procellarum ukiangalia mwezi mpevu. Aliheshimu kazi ya mtu asiyekubaliana naye. Akaweka pia Waarabu na Waislamu wa zamani kwa namna majina yao yalivyofika Ulaya, kwa hiyo Albategnius ni al-Battani, Thebit ni Thabit ibn Qurra, Alfraganus ni al-Farghani, Azophi ni al-Sufi. Ukikutana na jina la Kilatini lina harufu ya Al mwanzoni, litamke polepole mara mbili tatu, mara nyingi utamsikia mwenyewe.

Baada ya hapo kila mtu aliyekuwa na darubini akawa anaongeza yake, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa vurugu, kreta moja ina majina matatu kwenye ramani tatu na jina moja liko kwenye kreta mbili. Aliyekaa akazilinganisha ramani hizo mstari kwa mstari ni mwanamke wa Kiingereza, Mary Blagg, hakuwa na kazi ya chuo wala nini, alifanya hivo kwa kujitolea kutoka mji mdogo wa Cheadle. Orodha yake ya kulinganisha ilitoka 1913. Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ule wanaouita IAU, ulipoanzishwa 1919 ukaingiza suala la majina kwenye kazi zake, na 1935 Blagg na Karl Müller wakatoa orodha rasmi ya kwanza ya kimataifa. Yeye mwenyewe ana kreta, Blagg, ni kama kilometa 5 tu, karibu katikati kabisa ya uso wa Mwezi. Naona ni ndogo mno kwa kazi aliyoifanya.

Halafu Oktoba 1959 chombo cha Wasovieti Luna 3 kikapiga picha upande wa nyuma ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona, na majina mapya yakaja, Mare Moscoviense, Bahari ya Moscow, na kreta Tsiolkovskiy. Picha zilikuwa na ukungu sana, wakaona mstari mweupe wakaupa jina la Milima ya Kisovieti, baadaye picha nzuri zilipokuja ikaonekana hakuna milima pale, jina likaondolewa. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini sa hivi kamati inataka kwanza picha nzuri na sababu kabla ya jina.

Sheria zenyewe kabla hujaandika chochote

Hapa soma vizuri maana mapendekezo mengi ya watu yanafia hapa.

Mtu unayetaka kumpa jina awe ameshafariki, na iwe imepita angalau miaka mitatu tangu afariki. Zamani walilegeza, Armstrong, Aldrin na Collins walipewa kreta tatu ndogo karibu na pale Apollo 11 ilipotua na walikuwa hai wote watatu, lakini hiyo ilikuwa 1970, usiitegemee.

Asiwe mtu wa siasa, jeshi au dini. Wanasiasa wanaoruhusiwa ni wa kabla ya karne ya 19 tu. Nalisema wazi kwa sababu ukimuuliza Mtanzania yeyote jina la kwanza atakalotoa ni Mwalimu Nyerere, na Mkenya atakwambia Kenyatta, na majibu ni hapana kwa wote wawili, na ni hapana hiyo hiyo kwa marais wa Marekani na wafalme wa Uingereza wa nyakati hizi. Binafsi naiona ni sheria nzuri, bila hiyo kungekuwa na vita kila uchaguzi. Profesa Wangari Maathai je? Alikuwa mwanasayansi wa kweli, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata udaktari wa falsafa, ila alikuwa mbunge pia na naibu waziri, kwa hiyo atakayempeleka ajiandae kujibu swali hilo.

Jina la biashara halikubaliki. Jina liwe fupi, lisomeke, lisifanane na lililopo. Kitu chenyewe kiwe na ukubwa wa angalau mita 100, chini ya hapo hawaandiki jina mpaka kuwe na sababu kubwa ya kisayansi. Na wanajitahidi majina yatoke mataifa na lugha mbalimbali, hilo liko kwenye kanuni zao kabisa, lishike maana utalitumia.

Kuna maeneo yana mada zake. Karibu na Mare Moscoviense ni wanaanga wa Urusi waliofariki, ndani na kuzunguka kreta Apollo upande wa nyuma ni wanaanga wa Marekani, wale saba waliokufa na chombo cha Challenger 1986 wako hapo, na wa chombo cha Columbia 2003 pia, akiwemo Kalpana Chawla mzaliwa wa India. Ncha ya kusini kumejaa wapelelezi wa ncha za dunia, Shackleton, Amundsen, Sverdrup.

Sasa unapelekaje jina

Nenda kwenye saiti inayoitwa Gazetteer of Planetary Nomenclature. Inatunzwa na wanasayansi wa taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, pale Flagstaff Arizona, kwa niaba ya IAU, na ni bure. Kabla ya fomu, tafuta kwanza. Kila jina lina ukurasa wake unaokwambia upana, digrii, lilipitishwa lini na asili yake. Kwenye utafutaji wa kina unaweza kuchuja kwa bara, chagua Afrika uone, kaa nayo saa nzima ni shule tosha.

Ukimaliza hapo ndo unafungua fomu ya pendekezo. Wanataka uoneshe kitu chenyewe kiko wapi, picha au ramani, jina, asili ya jina na kitabu au chapisho la kuaminika linalothibitisha. Na wanataka sababu, kwa nini hicho kitu kinahitaji jina. Hili swali la mwisho ndo lenye uzito kuliko yote na ndo watu wasilolijua. Hawatoi jina ili kumpa mtu heshima halafu watafute shimo la kuliweka, wanatoa jina pale mtafiti anapoandika kuhusu mahali akajikuta hana cha kupaita. Pendekezo likiwa na uzito linaenda kwa kikundi kinachoshughulikia Mwezi, wakiridhika linapanda kwa kamati kubwa ya majina ya sayari inapigiwa kura, likipita linaandikwa kwenye Gazetteer na kuanzia hapo ni rasmi. Mwenye pingamizi zito ana miezi mitatu ya kumwandikia Katibu Mkuu wa IAU.

Mfano wa jinsi inavyofanyika vizuri ni kreta Henson, ilipitishwa Septemba 2021. Iko ncha ya kusini kati ya Sverdrup na de Gerlache, eneo ambalo Wamarekani wanataka kupeleka watu. Aliyependekeza alikuwa mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya kiangazi ya taasisi ya Lunar and Planetary Institute, walikuwa wanasoma eneo hilo, wakaona shimo halina jina, na akaona wapelelezi wote wa hapo ni wazungu wakati Matthew Henson, Mmarekani mweusi, alikuwa kwenye safari ya Ncha ya Kaskazini ya 1909 pamoja na Robert Peary aliyeiongoza. Jina linaendana na mada ya eneo, mtu amefariki siku nyingi, shimo linahitajika kwa kazi. Kila kitu kimekaa. Mwanafunzi, jamani, sio profesa mwenye mvi.

Sasa nikuoneshe lile lililoko moyoni mwangu. Thomas Odhiambo, Mkenya, mtaalamu wa wadudu, mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha ICIPE ambacho mpaka leo kinafanya utafiti wa mbung'o, mbu na wadudu waharibifu wa mazao. Alifariki 2003. Sio mwanasiasa, ni mwanasayansi, kazi yake imechapishwa na inajulikana dunia nzima, jina ni fupi linasomeka. Bilharz alipata kreta kwa sababu ya mnyoo, sioni kwa nini mtu wa mbung'o asipate. Kinachokosekana ni mtafiti mmoja anayeandika kuhusu kipande fulani cha Mwezi, akiwa na kreta yenye herufi tu, na akiwa na jina hilo mfukoni. Kama unasoma fizikia au jiolojia Dodoma, Nairobi, Makerere au popote na una mpango wa kufanya utafiti wa Mwezi kwa kutumia data za setilaiti, ambazo ni bure, basi nakuomba andika jina hilo kwenye daftari lako.

Njia nyingine, majina ya kwanza

Kreta ndogo sana na vitu vidogo vinaweza kupewa majina ya kwanza ya kawaida ya watu, bila kumlenga mtu yeyote maalumu. Ndo maana kuna Samir, jina la kiume la Kiarabu, kuna Rima Zahia, jina la kike la Kiarabu, kuna mlima upande wa nyuma unaitwa Mons Ganau, wameandika asili yake ni jina la kiume la Kiafrika. Mwaka 2012 njia iliyopita gari la Wasovieti Lunokhod 1 ilipata kreta 12 za majina ya kwanza ya Kirusi, mengi ya kubembeleza, Vasya, Kolya, Borya, kama sisi tungesema Juma, Saidi, Hamisi. Nafasi ya Zawadi, Neema au Baraka iko wazi kabisa kisheria, ila ni kwa masharti yale yale, awepo mtu anayefanya kazi hapo.

Wachina waliposhuka upande wa nyuma Januari 2019 na Chang'e 4 walipeleka majina yanayotoka kwenye hadithi yao ya mchunga ng'ombe na mfuma nguo, pale wanapoita Statio Tianhe. Wahindi pale Chandrayaan-3 ilipotua Agosti 2023 wana Statio Shiv Shakti, ikapitishwa Machi 2024. Yani anayefika ndo anayekuwa na haja ya jina. Kwa faida yako tu, kwenye Mars kreta ndogo zinapewa majina ya miji midogo ya duniani, na Kipini, ule mji wa pwani ya Kenya pale Mto Tana unapoingia baharini, ina kreta yake kule.

Usimpe mtu hela

Rafiki yangu alimnunulia mchumba wake cheti cha kreta mtandaoni, kina muhuri wa dhahabu na digrii zake, akalipa kwa simu. Tulipotafuta zile digrii kwenye Gazetteer tukakuta kreta ina jina la mtu mwingine tangu zamani. Aliumia sana, na mimi niliumia naye. IAU haiuzi majina na haijawahi kuuza, na mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kumiliki Mwezi. Anayekuuzia jina anakuuzia karatasi.

Jinsi ya kuitafuta Leakey mwenyewe

Usiku mzuri ni mwezi nne au mwezi tano, hesabu kuanzia mwandamo, maana hapo mstari wa kati ya mwanga na giza unakuwa umetoka kupita juu yake na vivuli ni virefu. Mwezi mpevu haufai, kila kitu kinakuwa cheupe bila kivuli. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, jioni Mwezi huo umelala kama mashua magharibi, na ramani nyingi zimechorwa kaskazini iko juu, kwa hiyo utahangaika usipoigeuza. Geuza ramani mpaka kaskazini yake iwe mkono wako wa kulia na mashariki yake iwe chini. Na kama darubini yako ina kile kioo cha kona kabla ya lenzi, picha inakuwa imepinduka kushoto kulia kama kwenye kioo cha kujitazamia, basi tafuta ramani iliyopinduliwa au tumia apu inayoweza kupindua.

Kwa macho tu, au na darubini ya mikono miwili, ile ya kushika mkononi yenye lenzi mbili za macho, chini huko kwenye tumbo la mashua utaona doa jeusi la duara limejitenga peke yake, hilo ni Mare Crisium. Kushoto kwake ndo Mare Fecunditatis. Langrenus iko ukingoni mwake upande wa chini, unaiona hata kwa darubini ya mikono miwili ukiegemea ukuta mikono isitetemeke. Kutoka hapo panda juu uvuke bahari yote, njiani utakutana na mashimo mawili madogo yamebanana, Messier na mwenzake Messier A, yana michirizi miwili myeupe imetoka nyuma kama mkia. Endelea kupanda mpaka bahari inaisha na ardhi ya mabonde mabonde inaanza, karibu na mstari wa giza. Hapo unahitaji darubini ya kweli, hata ile ndogo ya milimita 70 au 80 kama hewa imetulia. Leakey ni kitone kidogo cha duara, nusu kina kivuli nusu kina mwanga.

Mpwa wangu ilimchukua dakika arobaini usiku ule. Alipoipata aliniita nikaangalia, halafu akaomba kalamu akaiandika kwenye daftari lake chini ya Langrenus, akaniuliza herufi za Ibn Battuta zinaandikwaje.